Ncha na Mkia wa Mshale: Historia Fupi ya Saa ya Mkono na Msamiati Wake katika Bukoba na Muleba

Jumamosi, tarehe 10 Septemba, 2016, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Miongoni mwa majengo yaliyoharibika vibaya ni yale ya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, karibu na mji wa Bukoba. Vyombo vya kupimia matetemeko viliandika kuwa jambo hilo lilitokea 12:27 kwa saa za Greenwich. Saa za tarakimu za Afrika ya Mashariki zilionyesha 15:27, na zile zinazohesabu hadi 12 tu zilionyesha 3:27. Wenyeji wa Bukoba na Muleba walisema, na hata leo wanasema, kuwa ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na saba alasiri. Tukio lilikuwa moja, lakini saa zake zimeandikwa kwa namba nne. Dakika peke yake ndiyo haikubadilika.

Mfasiri aliyekabidhiwa habari hiyo alikuwa na nafasi tatu za kukosea na moja ya kupatia. Twaamini kuwa wasomaji wetu wengi, walimu na watumishi wa serikali pamoja na wafasiri, wamewahi kusimama mahali hapo. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa kifupi jinsi saa ya mkono ilivyofika katika nchi ya Wahaya, jinsi lugha yetu ilivyoipokea, na kwa nini swali linaloonekana dogo, yaani mtu achague saa ya namna gani ili impendeze na pia aisome bila taabu, lina jibu lake katika Kiswahili ambalo si lazima liwe jibu la lugha nyingine.

1. Hesabu iliyotangulia chombo

Ni dhahiri kuwa hesabu ya saa katika Kiswahili haikutokana na saa ya kiwandani. Msingi wake ni jua. Siku ya Mswahili huanza jua linapokuchwa, na kwa hiyo saa ya kwanza ya usiku ndiyo saa moja ya kwanza ya siku nzima. Jua likichomoza, hesabu huanza upya, nayo saa ya kwanza ya mchana huwa saa moja. Katika nchi zilizo karibu na mstari wa Ikweta hesabu hii haina matata, maana usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima.

Maneno yenyewe tuliyapokea kutoka Kiarabu: saa, dakika, na akrabu, ambalo asili yake ni nge, kwa mfano wa mkia wake mrefu unaoelekeza. Hatukuyapokea peke yetu. Waganda wana neno lao *essaawa*, nao huhesabu kama sisi, hata saa yao ya kwanza asubuhi ni saa moja yetu. Bukoba imekaa kati ya njia hizo mbili: Kiswahili kilichopanda kutoka pwani, na Kiganda kilichoteremka pamoja na wamisionari. Njia zote mbili zilileta hesabu ile ile. Kwa hiyo, hata kabla ya Mhaya wa kawaida kumiliki saa, namna ya kuzihesabu ilikuwa imekwisha kukubaliwa pande zote.

2. Saa inafika Bukoba

Vyombo vya kupimia wakati vilianza kuonekana katika eneo hili pamoja na wasafiri. Mwaka 1861 Speke na Grant walifika Karagwe kwa Mukama Rumanyika, wakiwa na saa na vyombo vya kupimia nyota ili kujua mahali walipo. Saa hizo hazikuwa za kumwambia mtu muda wa chakula. Zilikuwa za kuchora ramani.

Saa ya kupangia maisha ilikuja baadaye. Mnamo Novemba 1890 Emin Pasha aliweka kituo cha Kijerumani kando ya ziwa, na hapo ndipo ulipoanza mji wa Bukoba. Mwaka 1892 Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni ya Kashozi. Mwaka 1904 ilifunguliwa seminari ya Rubya, katika Ihangiro, ambayo leo imo katika wilaya ya Muleba. Boma lilikuwa na saa za kazi, shule ilikuwa na saa za masomo, na kanisa lilikuwa na kengele.

Hapa yafaa tutazame jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa. Kengele ya sala ya Malaika wa Bwana hupigwa mara tatu kwa siku: asubuhi, adhuhuri na jioni. Kwa hesabu ya Kizungu hizo ni saa sita, kumi na mbili na sita. Kwa hesabu yetu ni saa kumi na mbili, sita na kumi na mbili. Padre aliyeivuta kamba na mkulima aliyekuwa shambani kwake migombani walisikia mlio mmoja, wakautaja kwa namba mbili mbalimbali, na hakuna aliyechelewa sala. Kengele haina tarakimu. Matata huanza pale tarakimu zinapoandikwa.

Kisha zikaja meli. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, na baada ya hapo meli za ziwa zikaiunganisha Bukoba na bandari ya Kisumu, na kwa njia hiyo na bahari. Mtu mwenye ngozi au kahawa ya kusafirisha alilazimika kujua meli inaondoka saa ngapi. Naam, ratiba ikawa mwalimu wa saa kuliko shule.

3. Kutoka mfukoni hadi mkononi

Saa za kwanza kubebwa na watu zilikuwa za mfukoni. Saa ya mkono ilikuwapo Ulaya tangu karne ya 19, lakini ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Mwanamume alitoa saa yake mfukoni kwa mnyororo. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ndivyo vilivyogeuza desturi hiyo, kwa sababu askari mwenye bunduki hana mkono wa kuchomoa saa. Saa ikafungwa mkononi kwa ukanda, uso wake ukaandikwa tarakimu kubwa, na mishale ikapakwa rangi yenye radi ili ing'ae gizani. Baadaye ilidhihirika kuwa rangi hiyo iliwadhuru vibaya wasichana waliokuwa wakiipaka viwandani huko Marekani, nayo ikaachwa.

Vita hivyo havikuwa mbali na wasomaji wetu wa Kagera. Tarehe 22 na 23 Juni, 1915, majeshi ya Waingereza yalivuka ziwa kutoka Kisumu, yakaushambulia mji wa Bukoba na kukiharibu kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Twataja jambo hili ili msomaji aone kuwa saa ya mkono, ambayo leo huvaliwa kwa mapambo, ilipata umbo lake kutokana na haja ya kusoma upesi na gizani. Urembo ulikuja kuongezwa juu ya haja hiyo.

Wenyeji wengi walipata uwezo wa kununua saa kutokana na kahawa. Mwaka 1950 kilianzishwa chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa Bukoba, BNCU, na bei ya kahawa ulimwenguni katika miaka ile ilikuwa nzuri. Fedha za msimu zilinunua mabati, baiskeli, cherehani na saa. Saa ya mkono ilikuwa alama ya mtu anayesoma, anayesafiri au anayengojewa mahali fulani. Ilivaliwa makusudi ionekane, na mwenye saa aliulizwa njiani, "Saa ngapi sasa?", naye akajibu kwa fahari kidogo.

Lugha nayo ilifuata. Ikawa kuna saa ya mfukoni, saa ya mkono, saa ya ukutani na saa ya mezani. Saa hutiwa ufunguo, hukimbia, huchelewa, husimama. Mwenye kuitengeneza ni fundi saa. Maneno haya hayakuundwa na kamati yoyote. Yaliundwa barazani, dukani na kwenye meza ya fundi, na ndiyo sababu yameishi.

4. Kusoma mkia

Sasa tufikie kiini cha maneno yetu. Mataifa mengine yaliyohesabu saa kutoka kuchwa au kuchomoza kwa jua yalikirekebisha chombo. Katika nchi za Kiarabu na katika dola ya Waturuki, saa zilikuwa zikirekebishwa ili zionyeshe 12 jua linapokuchwa. Huko Ethiopia, ambako huhesabu kama sisi, wako wengi ambao hadi leo huirekebisha saa yao ionyeshe moja inapokuwa saa moja. Watu wetu hawakufanya hivyo. Waliiacha saa kama ilivyotoka kiwandani, wakageuza macho yao.

Sababu yake, kwa maoni yetu, ni ile ratiba tuliyoitaja. Saa ya mkono ya mkulima wa Kamachumu ilipaswa kulingana na saa ya bandari, ya boma na ya shule. Kama angeirekebisha kwa saa sita, angekuwa mkweli kwa lugha yake na mgeni kwenye gati.

Lakini huko kugeuza macho kunafanyikaje? Wengi hudhani kuwa Mswahili huona 7, kisha akatoa 6, akapata 1. Huenda mgeni anayejifunza lugha hufanya hivyo. Msemaji wa lugha hahesabu. Uso wa saa ni duara la saa 12, na saa sita ni nusu ya duara. Kwa hiyo namba tunayoitaja daima iko mkabala na ile inayoonyeshwa na mshale mfupi. Ncha ya mshale ikiwa kwenye 7, mkia wake umeelekea 1. Ncha ikiwa kwenye 3, mkia umeelekea 9. Lile tetemeko la alasiri ya 2016, ncha ilikuwa imeipita 3 na mkia umeipita 9: saa tisa na dakika ishirini na saba. Mzungu husoma ncha ya mshale mfupi, na Mswahili husoma mkia wake, hata kama mkia huo haukuchorwa. Mshale mrefu wote wawili huusoma nchani, na ndiyo maana dakika hazigombani.

Kanuni hii ni nyepesi kumfundisha mtoto wa darasa la chini kuliko kutoa na kujumlisha sita. Twawashauri walimu waijaribu kwa duara la karatasi ngumu na mshale wenye mkia.

5. Jua la Bukoba na saa ya taifa

Jambo jingine linawahusu hasa wasomaji wetu wa magharibi ya nchi. Saa rasmi ya Tanzania imetangulia ile ya Greenwich kwa saa tatu, yaani imefungwa kwenye longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita nje ya nchi yetu kabisa, upande wa mashariki. Bukoba iko karibu na longitudo ya 32. Jua huchukua dakika nne kuvuka nyuzi moja. Kwa hiyo saa ya mkono ya mtu wa Bukoba imelitangulia jua lake kwa dakika zipatazo 53, na jua huchomoza huko nusu saa hivi baada ya kuchomoza Dar es Salaam.

Matokeo yake ni haya: hesabu inayosema kuwa jua huchomoza saa kumi na mbili haitimii Bukoba wala Muleba. Jua huchomoza huko kwa wastani saa kumi na mbili na dakika hamsini, na katika miezi fulani hukaribia au hupita kidogo saa moja. Mtu anayeandika mjini Dar es Salaam kwamba shughuli itaanza "kulipopambazuka, saa kumi na mbili" amewaandikia watu wa Muleba gizani. Tunalisema hili si kwa kutaka saa ibadilishwe, bali kuwakumbusha wafasiri kuwa *alfajiri*, *macheo* na *magharibi* ni maneno ya jua, na *saa kumi na mbili* ni maneno ya chombo. Yasitumiwe kana kwamba ni kitu kimoja.

6. Saa ipi ichaguliwe?

Msomaji atauliza: haya yote yanamsaidiaje mtu anayesimama mbele ya kabati la saa dukani Bukoba mjini? Yanamsaidia sana.

Kwa muda mrefu imeaminiwa kuwa saa nyepesi kusomwa ni yenye tarakimu nyingi, na nyepesi kuliko zote ni ile isiyo na mishale kabisa. Saa ya kwanza ya betri yenye kijiwe cha kwatsi iliuzwa Japani na Seiko mwezi Desemba 1969, nayo bado ilikuwa na mishale. Mwaka 1972 kampuni ya Hamilton ilianza kuuza Pulsar, saa iliyoonyesha tarakimu tupu. Baadaye saa za aina hiyo zikawa rahisi sana: Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, imevaliwa na mamilioni ya watu, wakiwamo wanafunzi wetu. Saa hizi ni madhubuti na hazikosei. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili zimeondoa kile alichokuwa akisoma. Tarakimu 15:27 haina mkia. Hapo ndipo Mswahili analazimika kutoa na kujumlisha, na hapo ndipo makosa huingia.

Upande wa pili ziko saa zilizozidi urembo. Mwaka 1947 msanii Nathan George Horwitt alibuni uso mweusi wenye nukta moja tu penye 12, uso ambao baadaye ulipata umaarufu kwa jina la Movado. Unapendeza macho, lakini ukiulizwa dakika utakisia. Vivyo hivyo saa zenye vijisaa vidogo vitatu ndani ya uso mmoja, au mishale miwili inayokaribia kulingana urefu: hizo humvalisha mtu, hazimwambii wakati.

Kati ya pande hizo mbili ipo saa inayotufaa. Uso wake ni mweupe au mweusi usiopambwa mno. Mshale mfupi ni mfupi kweli na mnene, na mshale mrefu hufika kwenye vialama vya dakika. Alama kumi na mbili za saa zinaonekana wazi, na zile za 12, 3, 6 na 9 zimetofautishwa. Mishale inang'aa gizani, maana alfajiri ya Bukoba ni ndefu. Tarakimu si lazima ziwepo. Zaidi ya hayo, uso wenye vistari tu bila tarakimu, ambao wauzaji huuhesabu kuwa wa urembo, kwetu ndio mwepesi zaidi, kwa sababu hakuna 7 iliyoandikwa ya kushindana na saa moja iliyo akilini. Mgeni huona uso huo umenyimwa msaada. Kwetu sisi umeondolewa kikwazo. Ni mara chache urembo na usomaji kukutana hivi.

7. Maneno na wajibu

Tunapendekeza wafasiri watumie jozi iliyo wazi: *saa ya mishale* na *saa ya tarakimu*. Sehemu inayotazamwa iitwe *uso wa saa*, na zilizochorwa juu yake ziitwe *alama za saa* na *vialama vya dakika*. *Akrabu* ni neno zuri na la zamani, lakini *mshale* limeenea zaidi, na lina *ncha* na *mkia*, maneno ambayo tumeyahitaji hapo juu. Kwa sehemu ya sitini ya dakika, *sekunde* imekwisha kuota mizizi, na *nukta* ibaki kwa alama, ili neno moja lisifanye kazi mbili katika uso mmoja.

Lililo kubwa kuliko istilahi ni desturi ya kuandika. Tumewahi kuona mwaliko wa kikao wilayani Muleba uliofasiriwa kutoka Kiingereza, ambamo 2:00 ya mchana iligeuzwa kuwa "saa 2:00". Wazee walifika asubuhi na mapema, wakaketi hadi saa nane. Hapo hasara ilikuwa siku moja ya shamba. Lakini saa hiyo hiyo ikikosewa katika maelezo ya dawa, au katika hati ya kumwita mtu mahakamani, hasara haitakuwa ndogo. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama nchini. Saa iliyoandikwa kwa Kiswahili sasa ina uzito wa sheria.

Kwa hiyo yafaa tushike mambo matatu. Kwanza, saa katika maandishi ya Kiswahili iandikwe kwa hesabu ya Kiswahili, na daima ifuatiwe na neno la wakati: *saa 8:00 mchana*, *saa 2:00 usiku*. Saa isiyo na neno hilo ni nusu ya habari. Pili, hati inapolazimika kubaki na mtindo wa saa 24, kama katika ratiba ya ndege au meli, ielezwe hivyo waziwazi, na hesabu yetu iwekwe kando yake. Tatu, tarehe ya usiku iandikwe kwa namna isiyoleta shaka. Kidirisha cha tarehe kwenye saa ya mkono hugeuka saa sita ya usiku, lakini usiku wetu umekwisha kuanza saa sita kabla ya hapo. Lugha ina dawa yake, nayo ni *usiku wa kuamkia Jumanne*. Dawa hiyo itumiwe.

Tukihitimisha, twapenda kusema kuwa Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, limesanifu maelfu ya maneno ya vitu vilivyotujia kutoka nje. Saa ya mkono inatufundisha kuwa kupokea kitu si lazima kuwe kupokea namna ya kukitazama. Mkulima wa Ihangiro aliyenunua saa yake kwa fedha za kahawa hakuirekebisha, wala hakubadili hesabu yake. Alisoma mkia wa mshale, akafika gatini kabla meli haijang'oa nanga.